Wahispania Mezani Kwetu

Al Thumama, Doha, Ijumaa alasiri

Nakiru,

Mambo ya koti la baridi, dawa za tumbo na jamaa wa kupigia simu ukipotea, mama yako ameshakuambia mpaka koo limemkauka, kwa hiyo mimi sitayagusa. Ninyi wawili mmekwenda kutafuta kufuli la sanduku, nami nimebaki hapa sebuleni huku ndege zikipita juu ya paa moja baada ya nyingine, kana kwamba nimesahau kuhusu kesho. Nimeona niandike sasa. Kesho nitakuwa nimeshika usukani kukupeleka uwanja wa ndege, na unajua nikiendesha huwa siongei. Hata nisipoendesha, sisi wawili hatujazungumza kama watu tangu ile Ijumaa Okello alipokuja kula kwetu.

Nianze kwa kusema wazi kwamba umenichosha. Nimezaliwa katika jangwa la Turkana. Nikaja kutafuta riziki katika jangwa la Waarabu. Mtoto wangu wa pekee akapata ufadhili wa kwenda kusoma ng'ambo, nami nikajiambia angalau mmoja wetu ataishi penye mto unaotiririka mwaka mzima. Ukachagua Arizona. Ukachagua jangwa la tatu. Na ndani ya jangwa hilo hukuchagua madini, wala maji, wala kitu ambacho ningeweza kuwaeleza wenzangu kazini nikaeleweka. Ulichagua mapadri wa Kihispania waliokufa zamani.

Mwaka mzima Wahispania wamekula nasi. Ninatoka hotelini West Bay, baada ya kutwa nzima ya kugawa madereva na kusikiliza wageni wanaolalamika kwamba basi lina joto, ninanawa mikono, ninaketi, na kabla sijamega ugali wewe umeshafika Sonora, jangwa lako hilo la Arizona. Kwamba mapadri hao waliingia wakiwa wamepanda farasi katika nchi ya Waodhamu, watu wa jangwani, waliokuwa na makao mawili: moja penye mashamba wakati wa mvua, na moja milimani penye visima mvua ikiisha. Kwamba mapadri hawakuwapenda watu wenye makao mawili. Kwamba waliwaletea ng'ombe na ngano, ngano inayokua majira ambayo mahindi hayakui, watu wakaipenda, na kwa ngano hiyo wakakusanywa mahali pamoja. Wakapewa majina mapya. Wakapigiwa kengele ya kuamka, kengele ya kusali na kengele ya kwenda shambani. Aliyetoroka alirudishwa akachapwa. Kisha surua na ndui zikaingia katika vijiji hivyo vilivyojaa watu, na watoto ndio waliotangulia.

"Kwani ngano ni mbaya?" nilikuuliza siku moja.

"Ngano si mbaya, Baba. Ninasema ilitumiwa vipi."

"Basi sema, lakini mboga inapoa."

Mama yako akaanza tabia ya kubeba sahani yake na kwenda kumalizia chakula jikoni.

Sasa hiyo Ijumaa. Okello ametoka lindo la usiku, amekwenda Misa bila kulala, amekuja kwetu Al Thumama kutoka Al Rayyan kwa sababu mama yako alimwahidi wali. Ni mtu mpole, unamjua, anaimba besi katika kwaya na hajawahi kugombana na mtu. Akakuuliza kwa adabu tu utakwenda kusoma nini. Ukamwambia. Ulimwambia tangu wali ulipopakuliwa mpaka ulipoisha. Mwishowe akafuta mdomo akasema, "Lakini binti yangu, bila hao mapadri watu wale wangemjuaje Mungu?"

Ukasema, "Mungu walikuwa naye, Mzee. Na wala usiende mbali mpaka Sonora. Muulize Baba. Yeye mwenyewe alikusanywa."

Ulisema kama mtu anayesema baba yangu ana kisukari. Niliinuka, nikatoka, nikaenda kukaa ndani ya gari kwenye jua la saa nane bila kuwasha kipoza hewa, mpaka shati likashikamana na kiti. Mama yako alikuja dirishani akaniuliza kama nimepata wazimu. Okello alirudi Al Rayyan bila kunywa chai. Kumwacha mgeni mezani ni utovu wa adabu, na kosa hilo ni langu, sikubebeshi wewe.

Baadaye ukaniwekea juu ya meza ile insha yako iliyokupatia ufadhili. Uliiweka kando ya funguo zangu. Niliisoma kazini, katika chumba cha madereva. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba ni nzuri. Nilitaka iwe mbovu. Nilifika pale ulipomtaja nyanya yako. Uliandika kwamba familia ya baba yako ilivutwa kwenye misheni kwa mfuko wa unga, na kwamba mama yake hakuwa na la kusema.

Hakuwa na la kusema. Nawoi. Mwanamke ambaye mpaka leo chifu akisikia sauti yake anatorokea mlango wa nyuma.

Sasa nitakueleza ilivyokuwa, na nitaeleza mara moja tu, kwa sababu sipendi kuieleza.

Ulikuja ukame nikiwa na umri wa kuchunga ndama. Ng'ombe walikwisha, wakafuata kondoo. Tulikula matunda ya mikoma mpaka meno yakawa na rangi ya kutu. Baba yangu alikwenda na ngamia waliobaki upande wa mpakani na hakurudi. Tulibaki na Mama, mimi Ekai, kaka yangu mkubwa, na dada yetu mdogo ambaye hujawahi kusikia jina lake kutoka kinywani mwangu. Aliitwa Amoni.

Misheni ilikuwa upande wa pili wa mto mkavu. Ilikuwa na kisima cha pampu, shule, bweni la bati na kanisa la mawe. Padri alikuwa Mhispania, ndiyo, na ungejua hilo ungelitia katika insha. Alikuwa anaitwa Padri Benito. Mtu mrefu, mwembamba, ngozi ya shingo imeungua, Kiswahili chake kilijaa mawe. Alikuwa akigawa unga kwa familia zilizopeleka watoto shuleni. Hakusema kwamba lazima tubatizwe. Hakuwa na haja ya kusema.

Hapo ndipo insha yako inapokoma, na hapo ndipo mambo yalipoanza. Mama hakuhamia misheni. Wengi walihamia, wakajenga vibanda kuzunguka uzio, wakangoja unga. Yeye alikaa upande wake wa mto na mbuzi wachache na kaka yangu wa kuwachunga, akatuchukua mimi na Amoni akatupeleka. Unajua kwetu mtu mwenye mifugo haiweki yote mahali pamoja. Mbuzi hawa unampa rafiki wa mlimani, wale unampa rafiki wa ziwani, ili upande mmoja ukifa, upande mwingine ubaki. Tulipokuwa tunavuka mto aliniambia, "Ninakuweka kwa huyu mzungu kama ninavyoweka mbuzi kwa rafiki. Kula. Jifunze anachojua. Usije ukadhani wewe ni wake."

Wahispania wako wa Sonora waliandika katika taarifa zao kwamba watu walikuja wenyewe kwa furaha. Wewe unaandika kwamba walivutwa kwa chakula. Nawoi hakuja kwa furaha na hakuvutwa. Alipiga hesabu.

Tulikaa bwenini. Tulikula. Amoni alianza kunenepa mashavu, akaanza kuimba zile nyimbo za Kilatini bila kujua maana yake, na kila kengele ikilia alikuwa wa kwanza kukimbia. Kisha surua ikaingia. Watoto tulikuwa tumetoka kila upande, tumelazwa ubavu kwa ubavu chini ya bati moja. Na mimi niliugua. Nakumbuka macho yakiniuma na Padri Benito akipita na karai la maji, akitufuta nyuso mmoja mmoja, hajanyoa, ananuka jasho. Sikumwona akilala. Alimtuma katekista kumtafuta Mama, lakini Mama alikuwa amehama na mbuzi kufuata majani, na katekista hakumpata. Nilipopona, kitanda cha Amoni kilikuwa kimeondolewa.

Umekuwa ukitusomea mezani habari za watoto wa Waodhamu waliokufa kwa surua katika misheni. Siku moja ulilia. Mama yako alikushika bega, nami nikasema pitisha chumvi. Uliniangalia kana kwamba mimi ni jiwe. Sasa unajua nilikuwa ninasikia nini.

Mama alikuja mvua iliponyesha. Alisimama langoni na maziwa katika kibuyu, maziwa ya watu wawili. Padri akatoka. Hawakuwa na lugha moja, kwa hiyo niliitwa nisimame katikati nitafsiri. Nilikuwa mdogo, sikujua kwamba maneno yanaweza kupunguzwa njiani, nikayapitisha yote kama yalivyokuja.

Padri akasema anasikitika, mtoto amekwenda mbinguni.

Mama akasema, "Mwambie nilimwekea wawili. Kwetu mbuzi wa mwenzako akifia mkononi mwako, unamwonyesha ngozi. Anionyeshe."

Nikatafsiri. Padri akatupeleka nyuma ya kanisa. Palikuwa na safu ya makaburi madogo yenye misalaba ya mbao. Akasimama mbele ya mmoja, akavua kofia. Mama akaniuliza maandishi yanasema nini. Nikamsomea: Maria.

"Maria ni nani?"

Nikamuuliza Padri. Akasema alimbatiza alipoona anakufa, akampa jina la Mama wa Mungu, jina zuri kuliko yote aliyokuwa nayo. Nikatafsiri. Mama akasema, "Huyu Maria simjui. Mwambie anionyeshe wangu alipo."

Padri Benito alikuwa mkali. Nilikuwa nimemwona akimpiga fundi kofi kwa ajili ya msumari. Nilitafsiri nikiangalia miguu yangu. Shingo yake ikawa nyekundu zaidi. Aligeuka akaondoka kwa haraka, nikadhani amekwenda kumwita askari wa lango. Alirudi na kopo la rangi ya buluu iliyobaki walipopaka madirisha, na burashi. Akanipa mimi. "Andika jina la dada yako," akasema.

Nikapaka juu ya Maria, nikaandika AMONI. Herufi ya N niliigeuza, nilikuwa ninaigeuza siku hizo. Mama akauliza, "Huyu ndiye?" Nikasema ndiye. Akaweka kiganja juu ya mbao wakati rangi haijakauka, na alipokitoa hakukifuta. Alikaa pale akiongea na Amoni kwa muda, maneno yake mengine sikuyasikia, kisha akamwaga maziwa ya mmoja.

Nilijua atanichukua. Nilikuwa nimeshakwenda bwenini kuleta blanketi langu. Akaniangalia nikija nalo akasema, "Rudisha. Wewe unabaki." Kisha akanigeukia nimtafsirie Padri mara ya mwisho: "Mmoja umempoteza. Huyu nitakuja kumtazama."

Alikuja, miaka yote. Alikaa kwenye kivuli cha ukuta wa nje, ananipa maziwa, ananikagua meno na masikio kama anayekagua mnyama aliyemweka kwa mtu. Hakunywa maji ya kisima kile hata siku moja. Hakuingia kanisani, hata nilipopata komunyo ya kwanza. Padri alikuwa anamsalimia kutoka mbali.

Na usianze kumpenda Padri Benito kwa sababu ya kopo la rangi. Mwaka uliofuata nilitoroka kwenda kucheza ngoma ng'ambo ya mto, nikarudi nimepakwa udongo mwekundu kichwani, akanichapa kwa mkanda wa feni wa lori mpaka nikalala kifudifudi. Lori hilohilo ndilo alilonifundishia kuendesha. Alikaa kando yangu kwenye mchanga wa mto, ananipigia kelele kwa Kihispania nikiunguza klachi, na siku nilipolivusha ng'ambo alishuka akacheza kama mtoto. Usukani huo ndio ulionileta Doha, ndio uliokusomesha. Ukiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, nitakupa jibu tofauti kila siku, kutegemea nimeamkaje. Hilo ndilo linalonikasirisha katika vitabu vyako. Kila mtu ndani yake ameamka vilevile kila siku.

Sasa nije kwenye kosa la pili, ambalo ni baya kuliko la gari. Kabla hujaandika insha uliniomba nimpigie nyanya yako, kwa sababu sikukufundisha Kiturkana. Nilikuwa ninatoka kazini nimechoka, nikasema utajifunza baadaye, na baadaye ikawa umri huu ulio nao. Ukasema, "Muulize kama alitaka uende misheni." Nikamuuliza. Akaongea kwa muda mrefu sana, mpaka kaka yangu aliyemshikia simu akaanza kukohoa. Nikakuambia, "Anasema ndiyo."

"Ameongea yote hayo na jibu ni ndiyo?"

"Ndiyo."

Kwa hiyo ulipoandika kwamba hakuwa na la kusema, hukumsingizia wewe. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo, huku nimeshika simu. Alichosema ni hiki, na ninakiandika neno kwa neno kadiri ninavyokumbuka:

"Mwambie mtoto kwamba siku ile nilipomwacha baba yake nilifika mtoni nikageuka. Nikafika tena nikageuka. Nilitaka kumchukua hata kama tutakufa wote, kwa sababu mahali pale palimla mtoto wangu. Nikakaa kwenye mchanga. Nikafikiri: nikimchukua, nitakuwa nimemchukua kwa ajili ya uchungu wangu, siyo kwa ajili yake. Nikaenda zangu. Padri hakuniambia nimwache, na njaa haikuniambia, maana mvua ilikuwa imenyesha na mbuzi walikuwa na maziwa. Aliyeamua ni mimi. Na mpaka leo sijui kama niliamua vizuri, kwa sababu mtoto mwenyewe amekwenda kuishi kwa Waarabu na hana hata mbuzi mmoja."

Umeona kwa nini nilisema ndiyo.

Kuna kitu kimoja katika insha yako nimekisoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea. Umeandika kwamba mfalme wa Uhispania aliwafukuza mapadri wa kwanza, wakaja wengine wenye kanzu za kijivu, na Waodhamu wakajenga nao lile kanisa jeupe ambalo bado limesimama. Kisha na hao wakaondoka, kanisa likabaki bila padri, popo wakaingia. Na watu wa pale wakachukua vikombe vya Misa na mavazi, wakavihifadhi majumbani mwao mpaka padri mwingine alipopatikana. Umelipa jambo hilo mstari mmoja, Nakiru. Mjeledi una kurasa nzima, na unastahili, sibishi. Lakini hakukuwa na mtu wa kuwapigia kengele tena. Hakukuwa na unga wala askari. Mwanamke fulani alikiweka kikombe kile kando ya vyungu vyake, akawakataza watoto kukichezea. Kwa nini? Sidhani ni kwa sababu alikuwa amefugwa akafugika. Sidhani pia ni kwa sababu alikuwa amewasamehe. Labda mume wake ndiye aliyebeba mawe ya kanisa lile, na alikihesabu kuwa chake. Mimi sijui. Wewe ndiye unayelipiwa kwenda kujua.

Mimi nasali Ijumaa, katika kanisa lisilo na msalaba nje wala kengele juu, ninapita kwenye mashine ya ukaguzi kabla ya kufika kwa Mungu, na hakuna mtu aliyenikusanya. Ninakwenda mwenyewe. Ukiniuliza kama ninakwenda kwa sababu ya Padri Benito au licha ya Padri Benito, nitarudi ndani ya gari.

Leo baada ya Misa katekista wetu alinishika mkono akauliza binti anakwenda kusomea nini. Kwa muda wote huu nimekuwa ninawaambia watu utawala, na hata hilo unalijua, ulinisikia. Leo nikamwambia, "Anakwenda kusoma habari za mapadri waliohubiri jangwani na watu waliowapokea."

Akafurahi. "Atawaandikia sifa zao."

"Hapana," nikasema. "Hatawasifu."

Akasubiri niendelee. Okello alikuwa nyuma yetu, akacheka peke yake, akasema atakuja kukuaga jioni ikiwa utamruhusu ale kwanza.

Sikuombi ubadilishe insha. Imeshafanya kazi yake. Ninakuomba tu usiwafanye watu wale kuwa mashahidi wa kesi yako. Utafika kwenye hilo kanisa jeupe, utakuta wenyewe wapo, wana magari, wana madeni, wanazika na kubatiza hapo, na wamechoka na wanafunzi wenye maswali kuliko mimi nilivyochoka na wewe. Usitoe kalamu. Salimia. Subiri uulizwe umetoka wapi, na ukiulizwa usiseme Doha, wala usiseme chuo. Sema wewe ni mjukuu wa Nawoi, watu wa jangwa upande mwingine wa dunia, na kwamba shangazi yako Amoni amelala nyuma ya kanisa la Mhispania. Kisha nyamaza. Kuna bibi mahali pale ataanza kukueleza jambo, ataongea kwa muda mrefu, na atakayesimama katikati kutafsiri atakuambia, "Anasema ndiyo."

Mwambie aanze upya.

Baba yako,
Ekai